SOMO: Ongezeko la wanyama kwa milinganyo tofautishi, hatua kwa hatua, kwa nyumbu wa Serengeti

Wadau, kila mitihani ya kidato cha sita ikikaribia, na tena wanachuo wa pale Mweka, chuo cha wanyamapori, wakishapewa kazi zao za ikolojia, simu yangu inajaa picha za madaftari. Swali ni lile lile: "Madam, hii dN/dt inatoka wapi, na nikishaipata nafanyaje?" Nimechoka kulijibu kipande kipande usiku. Naliweka lote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki bila salamu.

Mfano wetu ni nyumbu. Ni wa kwetu, halafu historia yao inafaa kabisa kwa hesabu hii. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka hifadhi, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kundi lililokuwa limebanwa kwa miongo likaachiwa, na kwa bahati nzuri watu walikuwa angani wanahesabu. Hizi ni namba kwa maelfu, nimezikata kwenye elfu iliyo karibu:

1961: 263
1963: 356
1965: 439
1967: 483
1971: 693
1972: 773
1977: 1,440
1978: 1,249

Zinakili. Asiyezinakili atapotea kuanzia hatua ya 5.

Hatua ya 1. Andika sentensi ya Kiswahili kabla ya alama yoyote: mabadiliko ya idadi kwa mwaka ni wanaozaliwa kutoa wanaokufa. Wanaohama tumewaacha, kwa sababu nyumbu anayevuka mto Mara kwenda Kenya anarudi. Kundi ni moja.

Hatua ya 2. Geuza sentensi iwe alama. Waliozaliwa ni bN, waliokufa ni dN (b na d ni kiwango cha kuzaliwa na cha kufa kwa kila mnyama kwa mwaka), basi kasi ya mabadiliko ya idadi, dN/dt, ni (b − d)N = rN; d ya dN/dt ni alama ya mabadiliko tu, siyo ya vifo. N ni idadi, t ni miaka, na kizio cha r ni "kwa mwaka". r isiyo na kizio siisahihishi.

Hatua ya 3. Tenganisha, N upande mmoja na t upande wa pili: dN/N = r dt.

Hatua ya 4. Integreti pande zote mbili: ln N = rt + C (ln ni logi asilia, C ni namba ya kudumu).

Simama hapa kwanza. Hapa ndipo alama zinapomwagika kuliko mahali pengine pote, na wanaomwaga siyo wavivu, ni wale wenye haraka. Ukiondoa logi unapata N = e^(rt + C), yaani e^C mara e^(rt). C imepanda juu pamoja na rt, na ikishuka inashuka kama kizidisho. Kwa kuwa t = 0 inatoa N = e^C, hicho kizidisho ndicho idadi ya mwanzo, N0. Jibu ni N = N0·e^(rt).

Sasa wengi huandika N = e^(rt) + C. Kwa macho inapendeza. Hebu iulize inasema nini juu ya nyumbu. Mwaka 1961 tuna 263,000, basi 263,000 = 1 + C, na C = 262,999. Maana yake porini kuna nyumbu mmoja tu anayezaa, na wengine 262,999 wamesimama wanamtazama, hawazai, hawafi. Baada ya miaka kumi kundi zima limeongezeka kwa mnyama mmoja na nusu na kitu. Daftari halitakwambia kwamba umekosea, maana aljebra yako yote ya chini itaenda vizuri tu. Basi kila mstari mpya, kabla hujashuka kwenye unaofuata, uulize wanyama wanafanya nini. Mstari usioweza kujibu ufute.

Onyo la pili hapo hapo: usiweke namba kwenye C kabla ya kuondoa logi halafu ukaisahau ukiondoa. Ama uihesabu mapema na kuibeba mpaka mwisho, ama uiache iwe N0. Nusu hivi, nusu vile, haikubaliki.

Hatua ya 5. Tafuta r. Chukua 1961 na 1971: r = ln(693/263)/10 = 0.0969 kwa mwaka.

Msigawanye hivi: (693 − 263)/10 = 43. Hiyo ni elfu 43 kwa mwaka, kasi ya wastani ya kundi zima, siyo r. Wala msiichukue 43 mkaigawa kwa 263 mkapata 0.163. Irudishe kwenye mlinganyo uone: mwaka 1971 inakupa 1,349, karibu mara mbili ya waliohesabiwa.

Hatua ya 6. Jaribu kwa miaka ambayo hukuitumia. Mwaka 1967 tunapata 470, sensa ilisema 483. Mwaka 1972 tunapata 764, sensa 773. Safi. Mwaka 1965 tunapata 388 dhidi ya 439, siyo safi sana. Sasa peleka mlinganyo huo huo mpaka 2022: nyumbu milioni 97. Sensa ya watu ya mwaka huo, Tanzania nzima, ilitoa milioni 61.7. Hapo nyumbu wangekuwa wanapanga vyumba Sakina, Arusha.

Hatua ya 7. Weka breki. Mbelgiji Pierre François Verhulst alifanya hivi mwaka 1838: dN/dt = rN(1 − N/K). K ni idadi ambayo malisho yanaweza kuibeba. N ikiwa ndogo, mabano yanakaribia 1 na tunarudi hatua ya 2. N ikifika K, mabano ni sifuri na kundi linatulia. N ikipita K, mabano yanakuwa hasi na wanapungua. Kuiintegreti, vunja 1/[N(1 − N/K)] iwe 1/N + 1/(K − N). Ile ya pili ikiintegretiwa inatoa −ln(K − N), na hiyo alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika. Mwisho wake: N = K/(1 + A·e^(−rt)), ambapo A = (K − N0)/N0.

Hatua ya 8. Chagua K, kisha tafuta r UPYA. Usibebe 0.0969 ya hatua ya 5. Ile ilikuwa imeshakanyagiwa breki ndani yake bila wewe kujua, kwa hiyo ukiipachika kwenye mlinganyo wenye breki unafunga mara mbili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi limekuwa likizunguka karibu milioni 1.3, basi weka K = 1,300. A = 3.943. Tumia tena 1971: r = 0.150 kwa mwaka. Jaribu: 1963 inatoa 332 (sensa 356), 1965 inatoa 411 (439), 1967 inatoa 500 (483), 1972 inatoa 741 (773). Afadhali.

Halafu 1977: mlinganyo unasema 959, sensa inasema 1,440. 1978: mlinganyo 996, sensa 1,249.

Hapa ndipo wanafunzi wanapofuta mstari na kuficha miaka miwili ya mwisho. Acheni. Kosa hilo ndilo lenye habari kuliko jedwali zima. Nyumbu wa Serengeti wanakufa kwa kukosa lishe ya kutosha wakati wa kiangazi kuliko wanavyokufa mdomoni mwa simba, kwa hiyo K yao ni majani ya kiangazi, na majani ya kiangazi ni mvua. Kati ya 1971 na 1976 mvua za kiangazi ziliongezeka. K haikukaa 1,300, ilipanda, nasi tuliifunga kwa msumari. Ukame wa 1993 ulifanya kinyume chake: nyumbu walikufa mpaka idadi ikashuka chini ya milioni moja. K ni herufi moja ubaoni, lakini nyuma yake kuna anga.

Somo limeishia hapo. Maswali.

---

Chalii_Ngarenaro: Madam naomba PDF.

Mwalimu wa Majengo: Hakuna PDF. Kuna daftari na kalamu.

EGM_Moshi: Shikamoo Madam. Mimi kwa 1971 nimepata 263,001.6. Nimerudia, inakuja hiyo hiyo. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Majengo: Marahaba. Hatua ya 4, aya ya tatu. Yule nyumbu mmoja ni wako.

EGM_Moshi: 😂 Nimeiona. Asante Madam.

Mwanachuo_Mweka: Madam shikamoo. Nina swali linanisumbua tangu mwaka wa kwanza. Nyumbu hawazai mwaka mzima. Wanazaa karibu wote ndani ya wiki chache, kule nyanda za kusini, mwezi wa pili. dN/dt inadhani wanazaliwa kila dakika. Sasa si tunadanganya?

Mwalimu wa Majengo: Marahaba. Hili ni swali la mtu aliyefika porini. Ndiyo, kwa ndani ya mwaka tunadanganya. Idadi halisi ni ngazi: inaruka wakati wa kuzaa, halafu inateremka polepole kwa vifo mpaka msimu mwingine. Mlinganyo wetu ni mkunjo laini. Lakini ukihesabu wakati ule ule wa msimu kila mwaka, unakanyaga ngazi ile ile kila mara, na mkunjo unapita kwenye nukta hizo bila tatizo. Ukitaka kuwa mwaminifu zaidi, tumia mlinganyo wa hatua: N ya mwaka ujao = λ mara N ya mwaka huu. Uhusiano wao ni r = ln λ. Kundi likikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, λ ni 1.10 na r ni 0.0953, siyo 0.10. Kwa namba ndogo tofauti haionekani. Nenda kwa panya, ambao λ yao ni kubwa, uone zinavyoachana. Halafu ukiwa na vifo vinavyotegemea umri, ndama wanakufa kuliko wakubwa, hutatoka kwa N moja. Utahitaji N ya ndama, N ya wa mwaka mmoja, N ya wakubwa. Ukifika huko niandikie, nitafurahi kweli.

Kijana_wa_Kijenge: Kitabu chetu kinatumia P siyo N. Naona umekosea.

Mwalimu wa Majengo: Iite P. Iite Juma. Herufi haizai.

Dereva_Guide_Arusha: Madam mimi siyo mwanafunzi, ni dereva wa watalii. Nimeisoma yote, za logi nimeruka. Swali langu: wageni huniuliza kwa nini nyumbu waliongezeka hivyo na pundamilia wako pale pale, wakati wanatembea pamoja na wanakula nyasi zile zile. Huwa najibu tu kwamba Mungu ndiye ajuaye.

Mwalimu wa Majengo: Kaka, karibu sana, na hapo umeshika kitu ambacho wenye logi wamekipita. Sotoka inashika wanyama wanaocheua, wenye kwato zilizopasuka: ng'ombe, nyati, nyumbu. Pundamilia hacheui, ni wa ukoo wa farasi na punda, ugonjwa haukumgusa. Kwa hiyo ulipoondoka, nyati na nyumbu walipanda na pundamilia akabaki karibu laki mbili alizokuwa nazo. Kama ongezeko lingekuwa limeletwa na mvua peke yake tangu mwanzo, pundamilia naye angepanda. Kwa lugha ya somo letu: sotoka ilikuwa imekaa kwenye d ya nyumbu, siyo kwenye d ya pundamilia. Waambie hivyo wageni. Na waambie pia kwamba mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Magonjwa tuliyoyamaliza kabisa ni mawili tu, la kwanza ndui.

Dereva_Guide_Arusha: Kesho naanza nalo asubuhi tukiwa geti la Naabi. Ubarikiwe.

Mzee_wa_Takwimu: Samahani Madam, data zako sina imani nazo. 1,440 mwaka 1977, halafu 1,249 mwaka 1978. Laki mbili wamekwenda wapi ndani ya mwaka mmoja? Usiwapotoshe vijana.

Mwalimu wa Majengo: Mzee wangu, namba nimezitoa zote mbili mezani, sikuficha moja. Ningetaka kupotosha ningeacha ya 1978. Nyumbu hawahesabiwi mmoja mmoja. Ndege inapita mistari iliyopangwa juu ya mbuga, inapiga picha kwa vituo, wanyama wa kwenye picha wanahesabiwa, halafu namba inakuzwa kwa eneo zima. Nyumbu wanajikusanya makundi makubwa, kwa hiyo picha zikiangukia kundi au zikilikosa, makadirio yanayumba kwa maelfu mengi. Laki mbili juu ya milioni moja na zaidi inaweza kuwa myumbo wa kuhesabu kabla ya kuwa mizoga. Ndiyo maana sikutafuta r kwa 1977.

Mzee_wa_Takwimu: Hapo umejibu. Ila ungeliandika kwenye somo.

Mwalimu wa Majengo: Limeshaandikwa sasa.

Mama_Perege_UsaRiver: Hodi jamani. Mwalimu mwenzenu nina bwawa la perege, wanazaana wenyewe humo. Hii hesabu inaweza kuniambia nivue wangapi kwa mwezi bila kulimaliza?

Mwalimu wa Majengo: Karibu mama. Inaweza, na ni nyongeza ya mstari mmoja: dN/dt = rN(1 − N/K) − H, H ni unaovua kwa mwezi. Bwawa linazalisha zaidi likiwa na nusu ya K, na hapo ziada yake ni rK/4. Tuseme, kwa mfano tu, bwawa lako linabeba samaki 2,000 na r ni 0.3 kwa mwezi: 0.3 × 2,000 ÷ 4 = 150. Ukivua 160 kila mwezi bila kukoma, hakuna idadi yoyote ambayo bwawa litatulia. Litashuka mpaka liishe, na miezi ya kwanza hutaona kitu. Na 150 kamili nayo usiiguse, upo ukingoni, mwezi mmoja wa maji mabaya unakusukuma ng'ambo. Vua 100. Njia salama zaidi ni kuvua sehemu ya waliopo, siyo namba ya kudumu: wakipungua, na uvuvi wako unapungua wenyewe.

Ila mama, perege wana jambo lao ambalo N haijui. Wakizidi bwawani wanadumaa, unapata wengi wadogo. Mlinganyo huu unahesabu vichwa, na sokoni Tengeru unauza kwa ukubwa. Kuvua ukafika nusu ya K kutakusaidia hata hapo.

Mama_Perege_UsaRiver: Kumbe ndiyo maana wamekuwa kama vidole! Nashukuru mwalimu.

Fundi_Excel: Nyongeza kwa wasiopenda kuintegreti. Kwenye Excel, hata ya simu: B2 weka 263, B3 andika =B2+0.15*B2*(1-B2/1300), buruta chini. Kila mstari mwaka mmoja. Nimemaliza kabla chai haijapoa.

Mwalimu wa Majengo: Inafaa, na ukitaka kubadilisha K kila mwaka ndiyo njia pekee rahisi. Jihadhari na ukubwa wa hatua. Hatua ikizidishwa kwa r ikipita 2, namba zinaanza kuruka juu na chini ya K na hazitulii, na hiyo ni tabia ya jedwali lako, siyo ya mnyama. Kwa nyumbu 0.15 haina shida. Kwa wadudu wa mahindi ghalani, kata mwezi uwe siku.

Chalii_Ngarenaro: Basi naomba hiyo Excel.

Mwalimu wa Majengo: Fomula iko juu yako. Ina mstari mmoja.

PCM_Mwanga: Shikamoo Madam. Nilichora ln N dhidi ya mwaka kwa karatasi ya grafu badala ya kuchukua nukta mbili. Nilitegemea mstari ulionyooka. 1961 hadi 1965 mteremko ni 0.128. 1965 hadi 1971 ni 0.076. Nikasema sawa, breki. Lakini 1972 hadi 1977 unarudi 0.124. Hata nikitumia 1978 badala ya 1977, bado ni 0.080, haushuki. Breki inaachiaje wakati wanyama wameongezeka?

Mwalimu wa Majengo: Marahaba mwanangu. Kwanza, kuchora nukta zote ni bora kuliko njia yangu ya hatua ya 5. Mstari mmoja kupitia nukta za 1961 hadi 1972 unatoa r ya 0.092, na hautegemei sensa mbili tu kuwa na bahati. Wengine wote igeni.

Pili, swali lako. Kwa K isiyobadilika, mteremko huo ni r(1 − N/K), na N ikipanda lazima ushuke. Wako haukushuka, basi K ndiyo iliyopanda, na umeigundua kwa rula bila kutumia habari za mvua. Fanya hivi: acha K = 1,300 mpaka 1971, halafu anza upya kwa N0 = 693, r ile ile 0.150, na K = 2,200. Angalia 1978 inakupa ngapi. Kisha ishushe K irudi 1,300 uone miaka ya mbele inavyokwenda. Kwa Excel ya Fundi hapo juu ni safu moja ya ziada.

PCM_Mwanga: 1,249! Madam imekubali kabisa!

Mwalimu wa Majengo: Imekubali kwa sababu 2,200 niliitafuta ili ikubali. Sasa ipate kwa mvua, bila kuangalia 1978.